Mhadhara wa Ardhi Inayotembea

Mhina hakuchaguliwa kwenda Korogwe kwa sababu ya akili. Alichaguliwa kwa sababu siku ya mkutano wa kijiji alikaa mbele. Mwenyekiti Mwinjuma alipouliza nani atakwenda kusikiliza mihadhara ya wasomi, watu wote waliinamisha vichwa wakawa wanatazama vidole vyao vya miguu. Mhina, ambaye mawazo yake yalikuwa mbali, akasahau kuinama. "Mhina amekubali," akasema mwenyekiti. Makofi yakapigwa kwa furaha kubwa, ile furaha ya watu walioponea chupuchupu.

Ulikuwa mwaka wa sabini na sita, na wasomi wa chuo kikuu walikuwa wameamua kuwafuata wananchi huko waliko, ili elimu isiwe ya wenye viatu peke yao. Wahadhiri watatu wangezungumza siku moja katika ukumbi wa Manundu, mjini Korogwe. Kila kijiji, cha Korogwe na cha Handeni, kilitakiwa kutuma mtu mmoja, na mtu huyo akirudi awasimulie wenzake mkutanoni.

"Utuletee ulichosikia," Mwinjuma alimwambia Mhina. "Usituletee ulichoelewa. Mambo ya kuelewa tutafanya hapa kwa pamoja."

Mhina akaitikia, lakini akili yake ilikuwa kwa mama yake.

Bi Mwantumu alikuwa anaishi peke yake mahameni, pale Kwamzindo, mahali ukoo wao ulipokaa tangu enzi za mababu. Operesheni ya vijiji ilipofika huko Handeni, alikuja bwana mmoja mwenye ramani, akaitandaza juu ya boneti ya Landrova. Kwenye ramani kulikuwa na mishale, na mishale yote ilielekea mahali panapoitwa Mbugani. Watu wakang'oa milango yao. Kwao ndivyo ilivyokuwa: mtu akihama, miti na udongo wa nyumba huachwa, lakini mlango huondoka na mwenyewe. Mhina alibeba mlango wake kichwani mpaka Mbugani, akamwapia mama yake kwamba hapo ndipo, hawatahama tena.

Masika ya kwanza tu, mbuga ikajaa maji. Mbu wakawa wengi kuliko watu. Binti yake Mhina, Mwaija, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutumwa chumvi kwa jirani, alishikwa na homa akafa. Wakamzika hukohuko, kwenye kiinuko kidogo nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa bado bichi alipokuja bwana mwingine, na ramani nyingine, na mishale mingine. "Hapa hapafai kukaa watu," akasema, kana kwamba wao ndio waliopachagua. Wakang'oa milango mara ya pili, wakapanda Kwedihembe, juu kwenye mwinuko, ambako maji hayafiki kwa mafuriko wala kwa bomba.

Bi Mwantumu hakupanda. Alichukua mkeka wake, sufuria moja na mlango wake, akarudi zake Kwamzindo. Mhina alipomfuata kumbembeleza na kumwapia tena, alimjibu akiwa ameketi kizingitini.

"Mjukuu wangu tumemwacha peke yake kwenye matope," alisema. "Mimi ni mzee, sina muda mrefu. Nikija huko kwenu nikafa, kisha mkaambiwa hameni, nitabaki na nani? Siku utakayojua kwa hakika kwamba hamhami tena, njoo unichukue. Nasema kwa hakika, Mhina. Viapo vyako ninavyo viwili, vinanitosha."

Hilo ndilo lililokuwa linamtafuna. Maana sasa ilikuwa imetangazwa kwamba wakubwa watakuja kukagua, na kabla hawajafika, mgambo watabomoa nyumba zote zilizobaki mahameni. Mwinjuma alikwisha kumnong'oneza. "Kamchukue mama yako," alimwambia. "Mgambo wakifika na shoka zao hawaulizi huyu ni mama wa nani." Mhina alihitaji hakika, tena upesi. Na alipokuwa anapanda lori la kwenda Korogwe alijiambia kwamba labda ameipata njia. Wasomi wa chuo kikuu ni watu wanaojua mambo kabla hayajatokea. Yeye atasikiliza, kisha atauliza.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Kulikuwa na watu wa Kilole waliovaa kana kwamba ni sikukuu, na wazee wa mlimani wenye makoti mazito wakitokwa jasho. Mhina alibahatika kupata nafasi kwenye benchi, ubavuni mwa mtu mmoja mrefu, mchangamfu, aliyejitambulisha kuwa ni Kasmiri, mkata mkonge. Babu yake aliletwa kutoka bara enzi za Waingereza kuja kufanya kazi mashambani, na hakurudi kwao tena.

"Wewe umeelewa watatuhadhiria nini?" Mhina akamwuliza.

"Mimi nimeelewa kuna chai saa nne," akajibu Kasmiri.

Mhadhara wa kwanza ulikuwa wa historia. Alisimama mama mmoja kijana, mwenye miwani na kitenge, akazungumza vizuri sana, bila hata kutazama karatasi. Alisema vitabu vya wakoloni vilituonyesha kama watu tuliokaa mahali pamoja tu tunasubiri kugunduliwa, na huo ni uongo. Hakuna kabila lililoota hapa kama uyoga. Wazigua walitembea, Wasambaa walitembea, kila ukoo ulitoka mahali ukaenda mahali, ukabeba mbegu zake na matambiko yake, ukaanza upya. "Kuhama ndugu zangu," akasema, "ndiyo historia yetu."

Watu wakapiga makofi. Mhina naye alipiga, lakini makofi yake yalianza kwa nguvu yakaishia njiani. Neno hilo la mwisho lilimkaa vibaya. Akamtazama Kasmiri, Kasmiri alikuwa anautazama mlango itakaoingilia chai.

Mhadhara wa pili ulikuwa wa falsafa, na mhadhiri wake alikuwa kijana mwenye nywele nyingi, ambaye badala ya kufundisha alikuwa anauliza. Hilo peke yake liliwashangaza watu, maana walikuwa wamekuja kwa lori kutoka mbali ili waambiwe. Kijana akauliza: nyumba yako ikiliwa na mchwa, ukabadilisha mti mmoja mwaka huu, mwingine mwaka ujao, ukakandika upya, ukaezeka upya, mpaka pasibaki hata kijiti cha zamani, je, hiyo ni nyumba yako ileile au ni nyingine?

Ukumbi ukachafuka. Mzee mmoja wa mlimani akasema ni ileile, maana mke ni yuleyule. Mama mmoja akasema mchwa nao ni walewale. Kasmiri alisimama akasema kwao kambini nyumba ni ya kampuni, hata ukibadilisha kila mti haiwi yako, kwa hiyo swali hilo liulizwe kwa meneja. Watu wakacheka sana. Mhina hakucheka. Alikuwa anajiambia kwamba jibu ni rahisi, nyumba ni mlango, mlango ukiwa uleule basi nyumba ni ileile hata ukiisimamisha wapi. Kisha akashtuka na jibu lake mwenyewe. Hata ukiisimamisha wapi?

Chai ilikuja, na Mhina hakuionja. Alikaa na kikombe mkononi, anajumlisha. Yeye alikuwa mtu aliyehamishwa mara mbili, na mtu wa namna hiyo anajua jinsi wakubwa wanavyosema jambo. Hawaanzi nalo. Kwanza huja ngoma, halafu huja hotuba ya kuwasifu, halafu maswali ya kuwachangamsha, na jambo lenyewe huja mwishoni, watu wakiwa wamekwisha kucheka. Asubuhi wameambiwa kuhama ndiyo historia yao. Halafu wameambiwa nyumba ikibadilika bado ni nyumba. Sasa limebaki nini?

"Kasmiri," akasema polepole, "hawa watu wanataka kutuhamisha."

"Kutuhamisha wapi?"

"Sijui. Ngoja ramani."

Na ramani ikaja. Mhadhiri wa tatu alikuwa Dokta Semboja, mtaalamu wa miamba na ardhi, mtu mnene kidogo, mwenye sauti ya upole. Alipotajwa kwamba ni mzaliwa wa Kwashemshi, akina mama wa mlimani walipiga vigelegele, naye akaona haya kama mtoto. Jenereta ikawashwa nje, madirisha yakazibwa kwa mablanketi, na ukutani ikatokea picha kubwa ya dunia nzima. Juu ya ile picha, kila upande, kulikuwa na mishale.

Dokta alieleza kwa uvumilivu. Alisema ardhi tunayoikanyaga si kitu kimoja kilichotulia. Imekatika vipandevipande, na kila kipande kinatembea. Zamani za kale, kabla ya watu, nchi zote zilikuwa zimeshikana, kisha zikaachana zikaenda zake. Hata milima hii ya Usambara mnayoiona hapo nje ilinyanyuliwa kwa nguvu hizohizo. Na kazi haijaisha. Huko kwenye Bonde la Ufa nchi inapasuka, na siku moja upande huu wa mashariki utajitenga na wenzake, bahari itaingia katikati. Akachukua fimbo, akafuata mshale mmoja ukutani kuonyesha unakokwenda.

Huko nyuma mtu mmoja alisema "Lahaula" kwa sauti ya chini.

Taa zilipowashwa dokta akakaribisha maswali. Mhina alishangaa kujikuta amesimama.

"Shikamoo dokta," akasema, ingawa dokta alikuwa mdogo wake kwa umri. "Mimi natoka Kwedihembe, Handeni. Nauliza, ni lini?"

"Lini nini, ndugu yangu?"

"Huko kuhama kwa ardhi."

"Ah, inahama sasa hivi tunavyozungumza," dokta akajibu, akitabasamu. "Lakini polepole mno. Tazama ukucha wako unavyoota. Ardhi inatembea kwa mwendo huo. Hata vitukuu vya vitukuu vyako hawataona tofauti."

Ukumbi ukapumua, watu wakacheka, wakatazama kucha zao. Mhina hakukaa. Yule bwana wa ramani ya kwanza naye alisema mambo yatakwenda polepole, na Landrova yake ilikuwa haijazimwa injini.

"Na ameamuru nani?" akauliza.

"Hakuna aliyeamuru."

"Hakuna?"

"Hakuna, mzee wangu. Inatokea tu. Huwezi kuizuia, wala mimi siwezi, wala serikali haiwezi."

Alisema hivyo kwa nia njema, ili kumtuliza. Mhina akakaa. Maisha yake yote amri ilikuwa na mwenyewe. Ungeweza kumwendea na kuku, ungeweza kumlilia, ungeweza kumtukana akiwa amekwisha kupita. Sasa anaambiwa ipo safari, imekwisha kuanza, na hakuna hata mtu wa kumpelekea kuku.

"Kijiji gani kitabaki mahali pake?" akauliza akiwa amekaa, lakini watu walikuwa wamekwisha kusimama, wanapigania mlango, na dokta hakumsikia.

Njia nzima ya kurudi alikuwa kwenye lori amejikunyata kati ya magunia, anajaribu kupanga maneno. Akipanga ya historia, ya falsafa yanaanguka. Akiyaokota ya falsafa, ardhi inaanza kutembea. Alipofika nyumbani, mkewe Zuena alimwekea maji ya kuoga na kumwuliza wamesema nini huko.

"Wamesema mengi," akajibu. "Kesho utasikia na wenzako."

Zuena akarudi jikoni. Alikuwa mama aliyemzika mwanawe mahali ambapo hapana mtu sasa, na tangu siku ile hakutaja jina la Mbugani, hata njiani alipaita "kule chini".

Kesho yake Mhina alisimama mbele ya mkutano akafanya kama alivyoagizwa. Alileta alichosikia. Alisema mhadhiri wa kwanza amesema kuhama ndiyo historia yetu. Wa pili ameuliza kama nyumba ikibadilishwa yote ni ileile, na hakutoa jibu. Wa tatu amesema ardhi yenyewe inahama, ameonyesha ramani.

"Ramani ilikuwa na mishale?" mtu akauliza.

"Ilikuwa nayo."

"Mingi?"

"Mingi sana," Mhina akasema. Yeye hakuwa mwongo.

Akajitahidi kuongeza habari ya ukucha, na ya vitukuu, na kwamba hakuna aliyeamuru, lakini hilo la mwisho ndilo lililoharibu kabisa. Watu walitazamana. Hakuna aliyeamuru? Basi ni jambo kubwa kiasi kwamba hata mwamuru wake anafichwa! Mwinjuma akagonga meza, akafunga mkutano kabla ya wakati, akasema kila mtu aende shambani.

Asubuhi iliyofuata Mhina aliamshwa na nyundo. Alitoka nje akasikia nyundo nyingine upande wa pili, na nyingine mbele ya kisima, kijiji kizima kinagonga. Watu walikuwa wanang'oa milango. Mama mmoja alikuwa amekwisha kufunga mihogo mikavu kwenye kanga, kuku wamefungwa miguu, watoto wamevalishwa nguo zote walizo nazo, moja juu ya nyingine. Kwenye nyumba yake mwenyewe Zuena alikuwa amepiga magoti, anazungusha msumari wa bawaba ya chini.

"Zuena! Unafanya nini?"

"Safari hii sitasubiri kufokewa," alisema bila kugeuka. Alikuwa analia.

Mhina akataka kumwambia aache. Akatafuta sababu ya kumpa akakosa. Alisimama pale na suruali ameishika kiunoni, na kwa kweli alikuwa hajui kama mkewe amekosea au yeye ndiye aliyechelewa.

Mwinjuma alifika anakimbia, kofia mkononi. "Mhina! Nilikutuma ulete mhadhara, umeniletea operesheni! Wakubwa wanakuja kukagua kijiji, watakuta nyumba zote ziko wazi kama mapango. Waambie watu ardhi haitembei."

"Inatembea, mwenyekiti. Nimeona."

"Umeona inatembea?"

"Nimeona picha."

Mwinjuma akafumba macho, akavuta pumzi. Naye alikuwa amebeba mlango mara mbili, na usiku ule hakulala vizuri. "Basi sikiliza," akasema kwa sauti ya chini. "Waambie inatembea, lakini sisi tumebaki."

"Tutabakije ikienda?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye uliyekwenda Korogwe!"

Walizunguka nyumba kwa nyumba, wao wawili, wakisema maneno ambayo hakuna kati yao aliyeyaelewa. Mwishowe kilichosaidia si maneno. Ilikuwa njaa. Jua lilipopanda hapakutokea Landrova wala lori, watoto wakalilia uji, na akina mama wakafungua mihogo wakapika. Baada ya kula, mmoja mmoja, milango ikarudishwa. Wengine waliirudisha kwa msumari mmoja tu, kwa tahadhari.

"Kamchukue mama yako leo," Mwinjuma akamwambia walipoachana. "Mgambo wanaanza kesho."

Mhina aliteremka akiwa hana la kumwambia mama yake. Njia ya Kwamzindo inapita kando ya Mbugani, na yeye alipita kama alivyozoea kupita, macho mbele, hatua za haraka. Alikuwa amekwenda Korogwe kutafuta hakika, amerudi na mashaka mengi kuliko aliyokwenda nayo.

Alimkuta Bi Mwantumu anachambua kunde uani. Akamwamkia, akaketi chini, na kwa kuwa hakuwa na jingine, akamwelezea yote tangu historia mpaka nyundo. Mama yake alisikiliza huku mikono inaendelea na kunde.

"Kama ukucha?" akauliza mwishoni.

"Ndivyo alivyosema."

Bi Mwantumu akanyoosha kidole gumba chake akakitazama. "Na hakuna aliyeamuru."

"Hakuna."

"Kwa hiyo hata hao wenye ramani wanahamishwa."

Mhina hakuwa ameliwaza hilo. "Inaelekea, mama. Wote."

Bi Mwantumu akacheka. Mhina hakukumbuka mara ya mwisho alipomsikia akicheka, na kicheko hicho kilimtia furaha na hofu kwa pamoja.

"Na baba yako hapo chini? Anakwenda nayo?"

"Anakwenda. Na shamba, na miti, kila kitu."

"Na Mwaija?"

"Naye." Akaokota punje ya kunde iliyoanguka. "Wote kwa mwendo mmoja, mama. Hakuna anayeachwa." Alilisema vizuri, likasikika vizuri, na hapohapo akajishuku. Dokta hakutaja makaburi. Pengine makaburi yana sheria yake. "Mama, sijui. Nilisikia, lakini sikuelewa. Hata kama tutahamishwa tena sijui. Nilikwenda kuuliza hilo, nikarudi sina jibu. Kesho wanakuja kubomoa, na mimi sijui nikuambie nini."

Akaona aibu kubwa. Mtu mzima, ametumwa na kijiji, amekalishwa kwenye benchi mbele ya wasomi watatu, anarudi kwa mama yake mikono mitupu.

Bi Mwantumu akazimwaga kunde kwenye kitambaa, akafunga fundo. Akasimama kwa shida, akaingia ndani, akatoka na mkeka.

"Ng'oa mlango," akasema. "Twende."

Mhina alimtazama hajui ni kitu gani alichosema kilichomgeuza. Alitaka kuuliza, akaogopa kwamba akiuliza atageuka tena. Akang'oa mlango upesi, akauweka kichwani, sufuria akaishika mkononi. Mama yake alikwenda kusimama kidogo kwenye kaburi la mumewe, akaomba dua, akarudi. Wakashika njia, Bi Mwantumu mbele na fimbo yake, Mhina nyuma na mlango.

Walipofika kando ya Mbugani, mama akaacha njia, akaingia kwenye majani.

"Mama, njia ni huku."

Akamfuata, mlango unagonga matawi. Nyumba zao za Mbugani zilikuwa zimeanguka, zimebaki mirundo ya udongo na magugu marefu kuliko mtu. Mhina alikuwa anajiandaa kutafuta. Kwa kuwa hakuwahi kurudi hapo, alidhani kaburi limekwisha kumezwa, na kwamba watalipapasa kwa miguu. Lakini kulikuwa na kijinjia kilichokanyagwa, kimetoka upande wa Kwamzindo, na kijinjia kiliwapeleka mpaka kwenye kiinuko. Kaburi la Mwaija lilikuwa jeupe. Lilikuwa limefagiwa, hapana jani hata moja, na mawe yake madogo yamepangwa pande zote.

Mhina akasimama kama aliyepigwa.

"Nani anafagia hapa?"

"Nani mwingine?" mama yake akasema. Alikuwa amekwisha kuinama, anaokota kijiti kilichoanguka. "Baba yako pale Kwamzindo ana wazazi wake, ana ndugu zake, wamejaa. Huyu hana mtu. Ni mtoto, usiku ataogopa."

Mhina akautua mlango chini.

"Huko kwenu nitaishi," Bi Mwantumu akaendelea. "Mkihamishwa nitahama na nyinyi, mkihamishwa tena nitahama tena, mimi na mlango wangu. Sikuulizi tena kama mtabaki. Lakini nikifa mnilete hapa, popote mtakapokuwa. Huyu asikae peke yake."

"Wallahi mama, naapa mbele ya..."

"Nimekwambia viapo ninavyo. Pima."

"Nipime nini?"

Bi Mwantumu akatandika mkeka kando ya lile kaburi dogo, akajishusha taratibu, goti moja, goti la pili, akalala kwa ubavu wa kulia, uso kibla, kanga ameivuta mpaka kidevuni. Akafumba macho.

Mhina alisimama juu yake hajui ampime au amwinue. Alitazama huku na huku kana kwamba angetokea mtu wa kumwambia la kufanya, na hapakutokea mtu. Ndipo akachomoa panga kiunoni, akakata vijiti viwili. Machozi yalikuwa yanamzuia kuona vizuri. Kimoja akakichomeka penye kichwa. Akarudi nyuma hatua, akakichomeka kingine upande wa miguu.

Bi Mwantumu akafumbua jicho moja, akainua kichwa kidogo kutazama.

"Cha miguuni sogeza," akasema. "Mimi si mrefu hivyo."